Haikuulizwa

Mwezi wa nne tangu tuache kadi za karatasi na kuanza kuandika taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta, nilichapisha orodha ya uzito wa watu wazima wote waliopita kliniki ya wagonjwa wa nje. Mimi ni mtunza kumbukumbu za afya, na wakati huo ndio nilikuwa nimekabidhiwa kusimamia ubora wa taarifa za mfumo mpya. Orodha ile niliipeleka kwa mganga mfawidhi kwa fahari, kwa sababu haikuwa na nafasi tupu hata moja. Enzi za kadi tulishukuru tukikuta uzito kwa nusu ya wagonjwa.

Aliipitia kwa kidole. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akainua macho na kuniuliza kwa upole, "Hawa wote wana kilo 70?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimehesabu visanduku vilivyojazwa, sikuwa nimevisoma. 70, 70, 65, 70, 60, 70, 80, 70. Mara chache sana ungekuta 58 au 73, na ukizikuta ujue huyo kweli alipanda mzani.

Nilishuka mapokezi siku hiyo hiyo. Mzani ulikuwa chumba cha matibabu, mwisho wa korido. Kompyuta ilikuwa dirishani, foleni inapoanzia. Karani wa mapokezi, dada aliyenitangulia kazini miaka mingi, hakunificha kitu. "Mfumo hauniruhusu kuendelea mpaka niandike namba," aliniambia. "Mgonjwa amesimama hapa, nyuma yake kuna wengine thelathini. Basi naandika namba." Nikamuuliza kwa nini hakutoa taarifa kwamba wagonjwa hawapimwi. Akanigeuzia skrini. "Niandike wapi? Nionyeshe mahali pa kuandika kwamba huyu hajapimwa, kuanzia kesho nitapajaza."

Hapakuwa na mahali. Na aliyesababisha hivyo ni mimi. Ndiye niliyekaa na mtaalamu wa programu nikamwambia kila kisanduku kiwe cha lazima, nikiamini kwamba tukiwabana watu hakuna taarifa itakayopotea. Yule dada hakuwa mwongo wala mzembe. Nilimpa milango miwili, kubuni au kusimamisha foleni, naye akachagua ule uliowahudumia wagonjwa waliokuwa mbele yake.

Uzito si pambo la fomu. Dozi za dawa nyingi za watoto hupigiwa hesabu kwa kilo. Paracetamol, kwa mfano, hutolewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa dozi moja. Mtoto wa kilo 10 akiandikwa 20, kila hesabu inayofuata huongezeka maradufu hata kama hakuna mtu mwingine atakayekosea. Kwa watu wazima kuna kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, ambayo bado hutumika kukadiria utendaji wa figo kabla ya kupanga dozi. Inataka umri, jinsia, kiwango cha kreatinini (taka inayochujwa na figo) kwenye damu, na uzito. Ukiilisha kilo 70 za kubuni inakupa jibu safi lenye nukta ya desimali, na mfamasia hana sababu ya kulitilia shaka. Kisanduku kikiwa kitupu, angalau mfamasia angeinuka na kuuliza.

Tuliondoa ulazima. Mahali pake tukaweka chaguo la "haikupimwa" lenye sababu chache: mzani mbovu, mgonjwa hawezi kusimama, dharura, mgonjwa amekataa. Mzani tukausogeza hadi hatua mbili kutoka dirishani, na sasa naona kwamba huko kuusogeza kulisaidia kuliko mafunzo yote niliyowahi kuendesha. Mwezi uliofuata asilimia ya visanduku vyenye uzito ilishuka, nikaitwa kujieleza. Nilieleza. Kisha nikaonyesha kwamba "mzani mbovu" ilikuwa imejitokeza mfululizo kwa siku kumi na moja wodi ya watoto. Fundi akaja. Kabla ya hapo mzani ule ungeweza kukaa umekufa mwaka mzima bila mtu kujua, maana namba zingeendelea kuingia tu.

Lakini jambo lililonikaa moyoni, na hadi leo linanifanya niwe mkali nisipotakiwa kuwa mkali, ni la mzio.

Tulipohamisha kadi kwenda kwenye mfumo, niliongoza kikundi cha vijana walioketi wiki nyingi wakichapa. Kisanduku cha mzio kilikuja kikiwa kimeshachaguliwa "Hakuna". Kadi yenye mzio ulioandikwa, tulibadilisha. Kadi isiyo na neno, tuliacha kama ilivyo na kuendelea. Kazi ilikwenda haraka. Hakuna aliyesimama kujiuliza kama ukimya wa kadi ulimaanisha mgonjwa hana mzio, au ulimaanisha hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jioni moja akaja mama mtu mzima mwenye jeraha la mguu lililooza. Akaandikiwa sindano ya penisilini. Skrini ilisema: Mzio: Hakuna. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa wa zamani, wa wale ambao hawachomi sindano bila kuzungumza na mtu kwanza. Akamuuliza, "Mama, kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru?"

"Ipo, mwanangu. Sindano ya penisilini. Nilivimba uso, pumzi ikakata. Walisema wameandika."

Na kweli walikuwa wameandika. Kadi ilitafutwa masijala, ikapatikana. Nyuma yake, kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa. Vijana wangu walichapa upande wa mbele tu, kwa sababu mimi niliwaambia taarifa ziko upande wa mbele.

Mama alipewa dawa nyingine akapona. Asubuhi yake muuguzi yule alikuja ofisini kwangu na kadi mkononi. Hakunigombeza. Aliiweka mezani akaniuliza, "Hii 'Hakuna' iliyo kwenye skrini, ni nani aliyemuuliza mama?" Nikafungua historia ya rekodi. Jina la aliyeingiza lilikuwa langu, saa ilikuwa ya usiku wa siku tuliyopakia data, na kwa dakika ile ile jina langu lilikuwa limetangaza kwamba maelfu ya watu hawana mzio wowote. Sikuwa nimemuuliza hata mmoja.

Tangu siku ile nimeshindwa kuliona neno "Hakuna" kama neno dogo. Ndani yake mlikuwa na mambo matatu yaliyosongamana: mgonjwa aliulizwa akasema hana, mgonjwa aliulizwa akasema hajui, mgonjwa hakuulizwa. Kwa daktari anayeshika sindano, haya matatu yanataka hatua tatu tofauti.

Baadaye niligundua kwamba wengine walishalikabili jambo hili kabla yetu. HL7, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1987 kutunga viwango vya kupelekeana taarifa kati ya mifumo ya afya, katika toleo lake la tatu ilizipa majina aina mbalimbali za kutokuwa na jibu. NASK ni lile ambalo halikuulizwa. ASKU ni lililoulizwa na jibu halikujulikana. UNK ni lisilojulikana kwa ujumla. Nilipoikuta orodha ile nilihisi kama mtu alikuwa amesimama nyuma ya kaunta yetu akitusikiliza. Wenzangu wa kompyuta waliona ni ufundi wa kupita kiasi. Mimi niliona sura ya yule mama.

Tuliamua jambo ambalo halikupendwa. Kila rekodi yenye "Hakuna" isiyo na jina la aliyeuliza na tarehe aliyouliza, tuliigeuza kuwa "Haikuulizwa". Kesho yake mfumo mzima ulijaa alama za njano. Ilionekana kana kwamba tumepoteza kazi ya miezi, na baadhi ya wenzangu waliniambia hivyo waziwazi. Ukweli ni kwamba hatukupoteza chochote, kwa sababu hatukuwa nacho. Tukaweka kanuni kwamba alama ya njano huondolewa kwa kumuuliza mgonjwa mwenyewe akija, wala si kwa kusoma kadi. Ilichukua karibu mwaka njano kupungua. Wakati huo tulipata watu kadhaa waliokuwa wamebeba mzio kimya kimya ndani ya neno letu la "Hakuna".

Suala la maneno ya magonjwa lilikuwa la aina nyingine. Daktari wa kliniki ya magonjwa sugu aliomba orodha ya wagonjwa wake wa shinikizo la damu ili ajue nani amepotea kliniki. Nikatafuta, nikampa idadi iliyomfanya anikodolee macho, maana yeye mwenyewe kwa siku moja alikuwa akiona zaidi ya theluthi yake. Kumbe ugonjwa mmoja ulikuwa umeandikwa "shinikizo la damu", "presha", "presha ya kupanda", "BP juu", "HTN" (kifupi cha jina lake la Kiingereza, hypertension), na HTN yenyewe ikiwa na nukta, bila nukta, na herufi zilizopinduka. Macho ya binadamu husoma yote hayo kama kitu kimoja. Kompyuta iliyaona magonjwa kumi na mawili.

Jibu la kitabuni ni kutumia misimbo ya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ule wa ICD. Toleo la 10 nchi wanachama zilianza kulitumia mwaka 1994, na la 11 lilianza kufanya kazi rasmi Januari 2022. Sisi tulikuwa kwenye la 10. Shinikizo la damu la kawaida ni I10. Likiwa la ujauzito linahamia familia nyingine kabisa, O10 hadi O16, na ni vyema likahama, kwa kuwa huyo ni mgonjwa wa kushughulikiwa tofauti. Basi nikafunga nafasi ya maelezo huru, nikaweka orodha ya kuchagua, nikalala usingizi.

Ndani ya wiki moja tulikuwa na wagonjwa wanne wa kipindupindu. Mmoja wao alikuwa amevunjika mkono.

Msimbo wa kwanza kabisa katika ICD-10 ni A00, na A00 ni kipindupindu. Orodha yangu ilijipanga kwa misimbo na ilifunguka ikiwa imeshachagua wa kwanza. Tabibu mwenye haraka alibonyeza "hifadhi", na ugonjwa wa mlipuko ukazaliwa kwenye takwimu. Simu zilipigwa. Watu waliacha kazi zao kuhakiki. Nilipita chumba kwa chumba kuomba radhi, na huko vyumbani nikakuta la pili: kwa kuwa nilikuwa nimewanyang'anya mahali pa kuandika wanachokiona, walikuwa wakiandika kwenye kisanduku cha anwani. Nilikuta anwani isemayo "maumivu ya kifua tangu juzi, yanaongezeka akilala".

Nilirudisha nafasi ya maelezo huru, ikakaa bega kwa bega na msimbo. Mgonjwa ana hadithi, na hadithi haina msimbo. Orodha tukaifanya ifunguke tupu, mtumiaji aandike herufi tatu ndipo ijitokeze, na maneno ya mtaani kama "presha" na "sukari" yampeleke kwenye msimbo husika. Kila kliniki ilipata juu kabisa magonjwa arobaini inayoyaona zaidi. Ugomvi wetu na "nyinginezo", chaguo la kutupia kila kisichopatikana kwenye orodha, haukuisha, ila ulipungua. Nikiona kikapu cha "nyinginezo" kinavimba mahali fulani, naenda kuuliza ni neno gani watu wa pale wanalikosa. Mara nyingi kweli lipo neno wanalolikosa, na wana haki.

Nilipokuwa naandaa mafunzo juu ya haya nilisoma kwamba Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza ambaye wengi wetu wa hospitalini tunamjua kwa taa yake, alipeleka mapendekezo ya fomu za aina moja kwa hospitali zote kwenye Kongamano la Kimataifa la Takwimu lililofanyika London mwaka 1860. Alitaka vifo na maradhi yaandikwe kwa namna moja ili hospitali ziweze kulinganishwa. Muuguzi, karne na nusu kabla ya mfumo wetu. Niliwaambia wauguzi hilo kabla sijawaambia chochote kuhusu kompyuta, na chumba kilinisikiliza kwa namna nyingine.

Vipimo navyo vilikuwa na lugha mbili. Mashine ya sukari ya wodini ilitoa majibu kwa milimoli kwa lita, ya maabara kwa miligramu kwa desilita. Tofauti yake ni mara 18: sukari ya 6 kwenye moja ni 108 kwenye nyingine. Mgonjwa yuleyule, siku ileile, mchoro wake ulipanda ukuta na kushuka. Tulichofanya ni kuondoa kabisa uwezo wa mtu kuandika kipimio, yaani kama namba ni ya milimoli au ya miligramu. Kimekaa pembeni ya kisanduku, kimeandikwa, hakiguswi, na kila mashine imefungiwa kwenye cha kwake. Mfumo ndio unaobadilisha.

Mipaka ya namba tuliigawa mara mbili. Isiyowezekana inakataliwa, kama joto la 372 ambalo ni 37.2 iliyopoteza nukta. Isiyo ya kawaida inaulizwa tu: una uhakika? Mwanzoni tuliuliza mno, hadi vidole vikajifunza kubonyeza "ndiyo" kabla macho hayajasoma. Tukapunguza maonyo hadi yakabaki yale ambayo daktari mwenyewe angeshtuka akiyaona.

Tarehe tulizimaliza kwa siku moja, kwa kulazimisha mwezi uonekane kwa jina, kwa kuwa 03/04 ina wasomaji wa aina mbili. Nyuma ya pazia mfumo unahifadhi kwa mpangilio wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe: mwaka kwanza, mwezi, siku. Kilichobaki ni wale waliozaliwa wote tarehe 1 Januari. Hao wengi wao hawajui siku waliyozaliwa, na sisi tuliwabunia. Sasa tunaandika mwaka na kuweka alama kwamba ni makadirio. Unaona tunarudi palepale.

Majina ndiyo yaliyonichosha. Mtu mmoja alisajiliwa mara tatu: mara kwa majina mawili, mara kwa matatu, mara la baba likiwa mbele. Vipimo vyake vya damu vikatawanyika kwenye rekodi tatu, na kila daktari aliona theluthi ya ugonjwa. Tulianza kuwataka makarani watafute kwanza kabla ya kusajili, kwa jina na mwaka wa kuzaliwa pamoja. Kwenye namba ya mgonjwa tuliongeza tarakimu ya ukaguzi mwishoni, kwa hesabu aliyoibuni Hans Peter Luhn wa IBM, ile inayotumika pia kwenye kadi za benki. Inakamata kosa lolote la tarakimu moja na karibu kila kosa la kubadilishana kwa tarakimu mbili zilizo jirani. Zinazoponyoka ni 09 na 90 tu. Makarani waliipenda, kwa sababu kosa lilionekana mgonjwa akiwa bado dirishani.

Kwenye kuunganisha rekodi zilizorudiwa nilijifunza kuwa mwoga. Siku moja tuliunganisha wanawake wawili waliokuwa na majina yaleyale na mwaka uleule. Mmoja alikuwa na mimba, mwingine alikuwa anatumia dawa ambayo mjamzito hapaswi kuitumia. Mkunga ndiye aliyegundua, akiwa na mgonjwa mbele yake na orodha ya dawa ambazo huyo mgonjwa hakuwahi kuzisikia. Rekodi iliyogawanyika inamficha daktari kitu. Rekodi mbili zilizounganishwa kimakosa zinampa kitu cha mtu mwingine, na hiyo ni hatari zaidi. Tangu hapo hakuna kuunganisha bila watu wawili kukubaliana, na bila kumpigia simu mwenye rekodi.

Kuna jambo la zamu za usiku. Kwa miezi kadhaa mfumo ulionyesha kwamba wagonjwa wa wodini walipimwa presha wote saa moja asubuhi. Haikuwa kweli. Walipimwa saa nne, saa nane, saa kumi na moja, wauguzi wakaandika kwenye karatasi mfukoni, na asubuhi kabla ya kukabidhi zamu mmoja akaketi kuchapa yote. Mfumo ulichukua saa ya kuchapa. Mgonjwa aliyeanza kuzidiwa saa nane usiku alionekana amezidiwa ghafla asubuhi. Tuliongeza kisanduku cha pili: saa ya kupima, tofauti na saa ya kuingiza. Na tuligundua kwamba "mmoja aliyeketi" alikuwa akitumia akaunti iliyoachwa wazi na mwenzake, hivyo kuna sista mmoja ambaye kwa mujibu wa kumbukumbu hakulala wiki tatu. Hapo sikuwafokea kuhusu nywila. Niliuliza kuingia kunachukua muda gani. Kulikuwa kunachukua karibu dakika mbili kila mara. Tulipokufanya kuwe kwa sekunde chache, akaunti za kuazimana zikaisha zenyewe.

Kuna zoezi moja ambalo ningependa kila hospitali ilifanye, tena ni rahisi. Chukua rekodi thelathini za karatasi au maelezo ya daktari, wape watu wawili wazijaze kila mmoja peke yake, kisha linganisha. Kuna kipimo cha kitaalamu cha makubaliano, kappa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, kinachoondoa makubaliano yatokanayo na bahati. Tulikipiga hesabu, lakini namba yenyewe haikutufundisha sana. Kilichotufundisha ni kukaa Ijumaa mchana na zile ambazo hatukukubaliana.

Ijumaa ya kwanza tuligombana saa nzima juu ya maneno mawili: "ziara mpya". Karani alijaza mpya kwa mtu ambaye hajawahi kufika kwetu maishani. Muuguzi alijaza mpya kwa yeyote anayekuja mara ya kwanza mwaka huo. Tabibu alijaza mpya kwa ugonjwa mpya, hata kama mgonjwa alikuwa hapo juzi. Wote watatu walikuwa waaminifu, wote walikuwa wamejaza kila siku bila kuacha, na ripoti yetu ya kila mwezi ilikuwa inajumlisha vitu vitatu visivyojumlishika. Hakuna programu ambayo ingekamata kosa lile, kwa sababu kila jibu lilikuwa halali. Tuliandika ukurasa mmoja, tukauita kamusi, kila neno la fomu na maana yake na mfano mmoja wa mgonjwa. Umebandikwa karibu na kila kompyuta. Unabadilika, na chini yake kuna tarehe ya mara ya mwisho kubadilika, na mtu yeyote, hata mwanafunzi wa mazoezi, anaruhusiwa kuuliza kwa nini neno fulani limeandikwa hivyo.

Nimeulizwa mara nyingi namna ya kuwafanya watu wajaze kwa usahihi, na anayeuliza huwa anatarajia nizungumzie adhabu au zawadi. Mimi huwarudishia watu taarifa zao. Wauguzi wa kliniki ya magonjwa sugu sasa kila Jumatatu wanapata orodha ya wagonjwa wao ambao presha haijashuka kwa ziara tatu mfululizo. Orodha hiyo inatokana na namba walizoziandika wao. Wiki ya kwanza walikuja kulalamika kwamba si sahihi. Tukaikagua pamoja, tukakuta makosa ni ya kuingiza. Wiki ya tano hawakulalamika, walikuwa wanapiga simu kwa wagonjwa. Nimeona pia kwamba presha zilizoishia na sifuri zimepungua: zamani zilikuwa 120, 130, 140 kana kwamba damu inatembea kwa kumi-kumi. Sasa naona 134, naona 127.

Juzi usiku nilikuwa nimebaki kumalizia ripoti. Mapokezi ya dharura alikuwepo karani mpya, wiki yake ya pili. Wakaleta mwanamume aliyepatikana barabarani amepoteza fahamu, hana kitambulisho, hana ndugu. Kijana alianza kujaza. Jina: asiyejulikana, na namba ya muda. Umri: takriban 40, akaweka alama ya makadirio. Uzito: haikupimwa, dharura. Alipofika kwenye mzio aliinua mikono kutoka kwenye kibodi akanitazama.

"Niandike nini hapa?"

"Umemuuliza?"

"Hawezi kusema."

Akatazama orodha, akachagua "Haikuulizwa", sababu: hana fahamu. Njano ikawaka juu ya rekodi. Nilipopita wodini asubuhi, mgonjwa alikuwa ameamka, na muuguzi wa zamu ya mchana alikuwa ameketi kando ya kitanda chake na kompyuta mapajani, akimuuliza.